Mali bila daftari: Karatasi za makumbusho yetu ziko mikononi mwa nani?

Nyumbani kwetu kuna kijikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimewekwa ndani ya sanduku la marehemu bibi pamoja na vyeti vya ndoa na risiti za kodi ya ardhi. Kimeshapata rangi ya chai. Kina muhuri, tarehe ya miaka ya 1980, saini isiyosomeka, na maneno matatu: "kiti kimoja, mpingo".

Kiti chenyewe kilikuwa kiti cha enzi, kimetiwa njumu za pembe na kusukwa uzi mgongoni. Babu alikitoa kwa taasisi moja ya hapa Pwani, ambayo sitaitaja, walipokuwa wakitayarisha maonyesho. Kwa maelezo ya bibi, alikiazimisha: maonyesho yaishe, kiti kirudi. Babu akafariki, maonyesho yakawa ya kudumu, watu wa taasisi wakabadilika, na sisi wajukuu tukakua tukiambiwa tu kwamba "kiti chetu kiko kule".

Miaka miwili iliyopita niliandamana na ami yangu kwenda kuuliza. Hatukwenda kugombana. Tulipokewa vizuri, tukaketishwa, tukapewa maji. Kijana wa ofisini akakichukua kile kijikaratasi, akakitazama mbele na nyuma.

"Ami, mlikitoa au mlikiazimisha?"

"Tulikiazimisha, mwanangu."

"Karatasi haisemi, ami."

Na kweli haisemi. Tukaulizia daftari la kupokelea vitu la mwaka ule. Baada ya nusu saa kijana alirudi na jawabu: madaftari ya kabla yapo, ya baada yapo, la miaka ile halionekani. Aliyekuwa akijua amestaafu, na aliyemfuata amehamishwa. Tukapelekwa stoo, tukaoneshwa viti vitatu vya aina ile, viwili havina nambari. Ami alivipapasa kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta alama kwenye ng'ombe wake. Hakuweza kuapa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maisha yangu yote nilidhani methali hii ni ya wenye maduka. Siku ile nilifahamu kwamba ni ya makumbusho pia.

Ghala mbili, moja haionekani

Kila jumba la makumbusho lina ghala mbili. Ya kwanza tunaijua: vyungu, milango ya kuchongwa, siwa, mapambo, picha za rangi, sarafu, vitambaa. Hiyo ndiyo inayowekewa vioo, taa na askari mlangoni. Ya pili ni ya karatasi: madaftari ya kupokelea vitu, kadi zenye nambari, barua kati ya makumbusho na watu waliotoa vitu, hati za mkopo na za ununuzi, ripoti za ukarabati, picha za maonyesho yaliyopita, kumbukumbu za vikao, kanda za mahojiano na wazee.

Ghala hii ya pili mgeni haioni wala hailipii tiketi. Ndiyo maana bajeti ikipunguzwa huanza kupunguzwa hapo. Lakini ndiyo inayojibu maswali ambayo kitu chenyewe hakiwezi kujibu. Hiki kilitengenezwa na nani? Kilitoka nyumba gani? Kililetwa kwa hiari, kwa pesa au kwa nguvu? Kiliwahi kuvunjika na kuungwa? Nani ana haki ya kukidai?

Ondoa karatasi, na siwa inabaki pembe nzuri ya kupigiwa picha. Jina la fundi, mji uliokuwa ukiipuliza, ukoo uliokuwa na haki ya kuipuliza, vyote vimekwenda. Kitu kipo, lakini kimekuwa yatima.

Picha moja ilivyorudisha kigango

Atakayeona kwamba hili ni jambo la wasomi wenye nafasi, namkumbusha habari ya vigango, iliyotokea kwa majirani na ndugu zetu wa Kimijikenda.

Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, inayosimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, hasa miongoni mwa Wagiriama. Kwa wenyewe ni makazi ya roho, haking'olewi. Kwa wachuuzi wa sanaa wa miaka ya 1970 na 1980 kilikuwa bidhaa. Vigango viling'olewa usiku, vikauzwa, vikavuka bahari, vikaishia kwenye nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho ya Marekani.

Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa amesimama kando ya vigango viwili vilivyosimamishwa kwa ajili ya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango vile viliibiwa. Picha ikabaki kwenye kumbukumbu za utafiti. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi nchini Marekani, Udvardy alikitambua kimoja kati ya vile viwili katika picha za vitu vya chuo kikuu cha Illinois State. Cha pili kikaja kuonekana katika makumbusho ya chuo kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Mwaka 2007 kigango cha kwanza kikarejeshwa kwa wenyewe kijijini.

Tazama kilichofanya kazi hapo. Hakikuwa kilio, maana kilio kilikuwapo tangu siku ya wizi. Kilichofanya kazi ni kumbukumbu mbili kukutana: picha ya upande huku ikiwa na tarehe, mahali na jina la mwenyewe, na orodha ya upande wa kule inayoonyesha kitu gani kimewekwa wapi. Ikikosekana moja, nyingine haina la kusema.

Sasa linganisha na vigango 30 ambavyo makumbusho ya Denver ilitangaza mwaka 2014 kwamba itavirudisha. Nia ilikuwapo. Lakini havikuja na karatasi ya kusema vilitoka boma gani, vya marehemu gani. Nguzo iliyochongwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye jina na watoto inarudi nchini haina pa kwenda, kwa sababu aliyeing'oa hakuandika na aliyeinunua hakuuliza. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois nayo ilirudisha vigango 37. Swali ni lile lile: vya nani?

Hata London iliumbuka

Isidhaniwe kwamba huu ni ugonjwa wa nchi maskini. Agosti 2023 British Museum, jumba lenye vitu wastani wa milioni 8, lilitangaza kwamba vitu vipatavyo 2,000 vimepotea, vimeibiwa au vimeharibiwa. Vingine vilikuwa vimeuzwa mtandaoni. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale alikuwa ameshawaonya tangu 2021. Mkurugenzi akajiuzulu.

Iliwezekanaje? Sehemu kubwa ya jawabu ni karatasi. Vitu vingi havikuwa vimeorodheshwa kikamilifu, na kito kidogo kisicho na picha wala maelezo mwizi hukitia mfukoni pasi na mtu kujua kwamba kuna pengo. Oktoba ya mwaka ule wakatangaza mpango wa miaka 5 wa kukamilisha na kuweka mtandaoni kumbukumbu zao, rekodi milioni 2.4 za kuongezwa au kurekebishwa, kwa makadirio ya pauni milioni 10. Hiyo ndiyo bei ya kuandika leo kilichofaa kuandikwa jana.

Nasi tuna shughuli na majumba hayo. Kati ya 2018 na 2021 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wasanii wa Nairobi na makumbusho za Cologne na Frankfurt, walifanya kazi ya kuhesabu vitu vya Kenya vilivyo nje. Walipata zaidi ya 32,000 katika taasisi za Ulaya na Marekani, na hao ni waliojibu tu. Kazi yote ile ilitegemea madaftari ya wenzetu. Tuliwaambia: fungueni vitabu vyenu, tuonesheni mlivipataje.

Ni haki yetu kuwauliza. Lakini siku watakapotugeuzia swali, "na nyinyi vyenu mnavijua?", itatupasa tuwe na la kujibu. Anayedai mali yake kwa mwenzake huku daftari lake mwenyewe lina kurasa zilizochanika, hata akiwa na haki, atasikilizwa kwa shaka.

Pwani inajua gharama ya kukosa karatasi

Hakuna watu katika Kenya hii wanaopaswa kulifahamu jambo hili kuliko sisi. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye ardhi wa ukanda wa Pwani wapeleke madai yao yaandikwe. Ardhi ambayo haikudaiwa kwa karatasi ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Watu waliozaliwa mahali, wakazikwa mahali, wakaitwa maskwota mahali pale pale. Zaidi ya miaka 100 imepita na kesi hazijaisha.

Na dini yetu imetufunza mapema zaidi ya hapo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni, mwandishi na mashahidi. Jambo la kuandika baina ya watu wanaoaminiana halikuachwa liwe hiari ya wavivu. Kitu kilichowekwa makumbusho ni amana. Amana isiyoandikwa, aliyeweka akifa na aliyepokea akifa, inakuwa ugomvi wa wajukuu. Nalisema hili nikiwa mmoja wa wajukuu hao.

Kilichomo ndani ya ngome zetu

Tuchukue Fort Jesus. Ngome ilianza kujengwa 1593, ikaja kuwa gereza la Mwingereza hadi 1958, ikafunguliwa kama makumbusho 1960 baada ya uchimbaji na ukarabati ulioongozwa na James Kirkman, na mwaka 2011 ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ndani yake kuna michoro ya ukutani ya zama za Mreno, ya meli na watu, iliyochorwa kwa makaa na udongo mwekundu. Watalii huitazama dakika mbili na kupita.

Lakini uchimbaji una sifa moja ambayo wengi hatuifikirii: unakula kile unachokichunguza. Mchimbaji akishaondoa tabaka la udongo, tabaka lile halipo tena duniani. Lipo katika daftari lake, vipimo vyake na picha zake. Daftari likioza, ni kama tabaka limechimbwa mara ya pili na kutupwa baharini.

Vivyo hivyo kwa Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi wa Makumbusho ya Kenya na taasisi ya akiolojia ya baharini kutoka Marekani waliichimba, wakaipima, wakaleta juu vitu ambavyo vingine leo vipo kwenye vioo vya ngome. Anayetaka kujua chombo kile kilijengwaje, mzinga ulikuwa umelala wapi, chungu kilikuwa karibu na nini, hawezi kuuliza chungu. Anaiuliza michoro ya wapiga mbizi. Na kazi ikishafanywa na taasisi mbili za nchi mbili, hakuna budi kuuliza: nakala kamili ziko upande gani? Mwanafunzi wa Mombasa akitaka kuzisoma, ataambiwa apande ndege?

Lamu nako ni hivyo. Makumbusho ya Lamu ilifunguliwa 1971. Miaka ile ile ya 1970 msanifu Usam Ghaidan alikuwa akipima na kuchora nyumba za mawe za mji mmoja mmoja: daka, kiwanda, msana, ndani, zidaka za ukutani. Nyumba kadhaa za Lamu zimebadilika au kuanguka tangu hapo. Mwenye kutaka kujenga upya kwa sura ile ile, pa kuanzia ni kwenye michoro ya aina hiyo. Mji uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001 unaishi nusu katika mawe na nusu katika karatasi zilizoandikwa kuhusu mawe.

Adui wanne

Adui wa kwanza ni hewa yetu wenyewe. Wataalamu wa hifadhi hupendelea karatasi ikae mahali penye unyevu usiozidi nusu, na zaidi ya yote usiopanda na kushuka. Mombasa unyevu mara nyingi hupita asilimia 70. Ongeza chumvi, mchwa, pini zinazoshika kutu na kutoboa barua, na dirisha lililoachwa wazi siku ya mvua ya masika. Haihitaji moto. Miaka 30 ya kupuuzwa inatosha.

Wa pili ni uhamisho na kustaafu. Ofisi nyingi za umma kumbukumbu zake ziko ndani ya kichwa cha mtu mmoja, aghalabu mzee mmoja ambaye "ndiye ajuaye". Anapoondoka anaagwa kwa pilau na hotuba, anapewa saa ya ukutani, na hakuna anayemuuliza funguo za kabati la nyuma zinafungua nini.

Wa tatu ni jengo lenyewe. Majumba yetu ya makumbusho ni makongwe, na huo ndio uzuri wake na hatari yake. Disemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyokuwa makumbusho, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Miaka miwili kabla, Septemba 2018, Makumbusho ya Taifa ya Brazil iliungua usiku mmoja ikiwa na vitu vipatavyo milioni 20. Humo yaliteketea maandishi na sauti za lugha za wenyeji ambazo baadhi hazina tena msemaji hai.

Wa nne ni yule tunayemdhania rafiki: kompyuta. Siku hizi maonyesho hupangwa kwa barua pepe na WhatsApp, picha hubaki kwenye simu ya ofisa, ripoti kwenye flashi isiyojulikana iliko. Barua ya Kirkman ya miaka ya 1960 huenda bado inasomeka. Ujumbe wa mwaka 2014 uliokuwa kwenye simu iliyoanguka majini Likoni haupo tena. Si ajabu wajukuu wetu wakawa wanaijua zaidi miaka ya 1960 ya makumbusho zetu kuliko miaka yetu hii.

Hata kunakili kidijitali, ambako ni lazima, hakumalizi kazi. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ambao kanuni yake ni kwamba hati zenyewe zibaki kwa wenyewe. Kazi njema sana. Lakini Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia Maktaba hiyo, na kwa muda mrefu nyaraka za mpango ule hazikufunguka mtandaoni. Funzo ni kwamba nakala iliyo London pekee si nakala yetu. Ni lazima nyingine iwe hapa, mahali tunapoweza kwenda kwa miguu.

Sheria zipo

Hatuhitaji sheria mpya. Sheria ya Nyaraka za Umma, Sura ya 19, iliyounda Idara ya Nyaraka za Taifa mwaka 1965, hairuhusu ofisi ya umma kuharibu kumbukumbu zake kwa kujiamulia. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka taasisi ijibu ombi ndani ya siku 21, itunze kumbukumbu zake vizuri, na iziweke kwenye mfumo wa kompyuta ndani ya miaka 3 tangu sheria ianze kuihusu. Makumbusho ya Taifa yana sheria yake ya 2006. Na Jedwali la Nne la Katiba limeziweka makumbusho, pamoja na maktaba, katika kazi za kaunti, huku majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki kwa serikali kuu.

Hapo ndipo panapoteleza. Kaunti inasema ngome ni ya Nairobi, Nairobi inasema utamaduni umegatuliwa, na daftari liko katikati yao linaliwa na mchwa. Katika bajeti za kaunti zetu nimezoea kusikia fedha za tamasha, mashindano ya mashua na jukwaa la wageni wa heshima. Sijasikia mwakilishi wa wadi akisimama kudai kabati za chuma na mashine ya kupunguza unyevu.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaoniambia: hospitali haina dawa, wewe walilia karatasi. Hoja ina uzito, siidharau. Lakini sisemi pesa za dawa zihamishwe. Nasema kwamba pesa ambazo tayari zimetengwa kwa utamaduni, sehemu yake iende kwenye kilicho cha kudumu. Tamasha la siku tatu huisha na mahema kukunjwa.

Wengine watasema, na hii ni hoja nzito zaidi, kwamba kumbukumbu zikiwa wazi zitawafaa wezi. Orodha inayosema kigango fulani kimesimama boma fulani ni ramani ya mwizi. Ni kweli. Pia kuna familia zisizotaka kutajwa, na mambo ya mila ambayo wenyewe hawayaanikii watu. Dawa yake ni kupanga ngazi: kipi cha kila mtu, kipi cha mtafiti aliyejitambulisha, kipi cha familia husika peke yake. Siri inayotunzwa vizuri ni kumbukumbu pia. Kilichopotea si siri, ni hasara.

La kufanya

Kwanza, kila makumbusho ya Pwani itoe orodha ya madaftari yake: yapi yapo, ya miaka ipi, wapi pana pengo. Si yaliyomo ndani, orodha tu ya madaftari yenyewe. Hii ni kazi ya watu wawili na wiki chache. Pengo likijulikana, mstaafu fulani huenda akakumbuka lile boksi lililohamishiwa ofisi ya juu mwaka ule wa ukarabati.

Pili, madaftari ya kupokelea vitu yanakiliwe kabla ya kingine chochote, nakala tatu, mahali pawili tofauti. Mji una vijana waliosomea kompyuta wanaokaa barazani bila kazi.

Tatu, ofisa asipewe barua ya kustaafu wala uhamisho kabla ya kukabidhi kwa saini: faili, funguo, nywila, na picha zilizo kwenye simu yake zinazohusu kazi.

Nne, hati ya kupokea kitu iwe kwa Kiswahili kinachosomeka, nakala mbili, na iseme neno moja bila kuficha: zawadi, mkopo, au kimenunuliwa. Iandike na majina ya warithi.

Tano, wazee waliofanya kazi katika makumbusho haya tangu miaka ya 1970, wachimbaji, mafundi wa chokaa, walinzi, wapika chai, waketishwe waoneshwe picha za zamani na waulizwe majina. Picha nyingi za uchimbaji zina mzungu mwenye jina na vijana wanane wasio na majina. Wale vijana ni babu zetu, na waliobaki ni wachache.

Na sita ni letu sisi majumbani. Toa ile bahasha chini ya godoro. Andika majina nyuma ya picha kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Kama ukoo wako una kitu makumbusho, nenda ukakiulizie mtu aliyekitoa angali hai. Msisubiri kama tulivyosubiri sisi.

Ombi letu la maandishi tumeshalipeleka, na tumeambiwa daftari linaendelea kutafutwa. Sina kinyongo na yule kijana wa ofisini. Alirithi kabati lenye pengo, kama sisi tulivyorithi karatasi yenye pengo. Kijikaratasi tumekitoa nakala. Ami naye, ambaye macho sasa yanampa taabu, amekaa na mimi akaandika kwenye karatasi nyingine, si juu ya ile ya zamani: jina la babu, jina la fundi aliyekichonga kiti, mwaka kilipotoka nyumbani, mkwaruzo ulio mguu wa nyuma wa kushoto, na lile neno lililokosekana, mkopo. Akatia saini, nami na binamu yangu tukashuhudia.

Mbele ya hakimu huenda lisitoshe. Lakini daftari lile likipatikana inshaAllah, litakuta upande wetu kuna la kulilinganisha nalo.